Bunduki Mpya ya Kuwinda Inapimwaje? Hatua 7, na Kwa Nini Risasi Moja Haisemi Kitu

Kama umekulia Kisumu Ndogo pale Kibera, hii sini unaijua. Umekaa kwa benchi ya kibanda cha video, DJ Afro anaeleza sinema, na staring amefungua kasha jeusi. Anaunganisha bunduki kipande kwa kipande, anachungulia kwa darubini mara moja, anavuta triga. Adui chini. Hiyo bunduki haijapigwa hata risasi moja ya kujaribu, lakini staring hakosi.

Manze, hiyo ni ya sinema. Kwa maisha ya kawaida, bunduki mpya ikitoka kwa boksi haijui chochote kuhusu mahali unataka risasi iende. Darubini inaangalia kwake, mtutu unaangalia kwake, na hawa wawili hawajawahi kusalimiana. Kuwakutanisha ni kazi, na kazi hiyo ina hatua zake. Leo tunakupangia zote.

Utauliza, mimi msee wa mtaa niko na shughuli gani na bunduki ya kuwinda? Ziko mbili. Ya kwanza, mtaa wako wenyewe ulianza na watu wa bunduki. Ya pili, ukishaelewa vile usahihi hupimwa, hakuna mtu atakubeba ufala tena na stori ya shuti moja iliyoingia katikati.

Bolti ni komeo tu

Cheki mlango wa keja ya mabati. Lile komeo la chuma unaliinua, unalivuta nyuma, mlango unafunguka. Unalisukuma mbele, unalilaza chini, mlango umefunga. Bunduki ya bolti ni hivyo hivyo. Unainua mkono wa bolti na kuvuta nyuma, ganda lililotumika linaruka nje. Unasukuma mbele, risasi mpya inaingia. Unalaza mkono chini, na vijino vya chuma vinajifunga nyuma ya risasi.

Hapo hakuna kitu kinacheza mpaka upige. Hiyo ndiyo sababu wawindaji wengi wanaipenda: chuma kinafunga kwa njia ile ile kila mara, na usahihi ni mtoto wa kurudia kitu kile kile bila kubadilika.

Ile iliyojulikana sana huku kwetu ni Lee-Enfield ya .303, silaha ya jeshi la Uingereza kwenye vita vyote viwili vya dunia. Askari wa King's African Rifles, wale wazee waliwaita Keya, waliibeba pia. Kikosi hicho kiliundwa 1902, na kati ya askari wake wa mwanzo walikuwa Wanubi wenye asili ya Sudan. Hao ndio waliopewa kukaa kwa msitu ulio kusini-magharibi mwa mji, wakauita Kibra, yaani msitu. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni ikaitangaza rasmi kuwa ardhi ya jeshi, zaidi ya ekari 4,000. Karibu miaka 100 baadaye, 2017, jamii ya Wanubi ikapewa hati ya ekari 288. Kwa hivyo siku ingine ukipita Makina, jua unakanyaga mahali palipoanza kama makao ya watu wa bunduki.

Kabla hujaenda mbali: sheria

Kenya hakuna kuwinda. Serikali ilipiga marufuku Mei 1977, na chama cha wawindaji wa kulipwa wa Afrika Mashariki, kilichoanzishwa Nairobi 1934 pale Norfolk Hotel, kikavunjwa mwaka huo huo. Kuona hizi bunduki zikiwinda kihalali inabidi uvuke mpaka. Tanzania bado inatoa leseni.

Kushika bunduki pia si mchezo. Kenya raia anahitaji cheti chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na kujaribu silaha ni kwa uwanja wa shabaha ulioruhusiwa pekee, wenye ukuta mkubwa wa udongo nyuma. Sio shamba la ushago, sio nyuma ya ploti. Risasi ya bunduki ya kuwinda inaweza kusafiri zaidi ya kilomita 3. Ikipigwa hovyo kutoka Kisumu Ndogo, inaweza kuvuka mtaa wote na kupita Barabara ya Ngong. Mabati haiizuii. Ukuta wa matope haiuogopi. Ndio maana swali la risasi inaenda wapi si swali la wawindaji peke yao. Mtu wa mtaa analijua vizuri kuliko yule anaishi nyuma ya ukuta wa mawe.

Tsavo 1898: kilichotokea msee akiamini bunduki ya kuazima

Kama unataka kujua kwa nini watu husumbuka kujaribu silaha kwanza, anza na stori hii. Mwaka 1898, reli ya kutoka Mombasa ikijengwa, simba wawili walikuwa wanakula wafanyakazi pale Tsavo. Aliyesimamia ujenzi wa daraja, J. H. Patterson, alikuwa anawasaka kwa miezi.

Asubuhi moja ya Desemba akapata nafasi ya dhahabu. Simba alikuwa kichakani, wafanyakazi wakamzunguka wakipiga makopo na ngoma kumtoa nje, na Patterson akamsubiri upande wa pili. Siku hiyo alikuwa ameacha bunduki yake akabeba nyingine ya mitutu miwili, kubwa na yenye nguvu zaidi, aliyoazima kwa rafiki. Simba akatoka peupe, karibu kabisa. Patterson akavuta triga. Risasi ikakataa kulipuka.

Alishtuka hata akasahau kuna mtutu wa pili. Simba akapita, akaenda zake. Baadaye Patterson aliandika mwenyewe vile alijilaumu kwa kutegemea silaha ya kuazima ambayo hajaizoea. Usiku huo huo alibahatika kumpiga simba wa kwanza, na wa pili akaanguka kabla mwezi haujaisha. Ngozi zao ziko mpaka leo kwa jumba la makumbusho la Field Museum, Chicago. Lakini wangapi wanapata nafasi ya pili siku hiyo hiyo? Bunduki ambayo hujaipima ni ya kuazima, hata kama umeilipia mwenyewe.

Maswali mawili ambayo watu huchanganya

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa hivyo soma pole pole.

Swali la kwanza: je, risasi zote zinaenda mahali pamoja? Piga kadhaa bila kubadilisha kitu, uone kama matundu yamekusanyika ama yametawanyika. Haya matundu pamoja tunayaita kundi. Kundi dogo, bunduki iko fiti.

Swali la pili: je, hilo kundi liko pale ulipolenga? Unaweza kuwa na kundi dogo la kupendeza lakini liko sentimita 20 kando. Hiyo haina noma, juu darubini inarekebishika. Unazungusha vifundo, kundi linahama.

Ile mbaya ni kinyume. Matundu yako kila mahali, lakini moja kwa bahati limeingia katikati. Msee analipiga picha hilo moja, anaweka status, anasema bunduki ni moto. Darubini haiwezi kurekebisha kutawanyika. Kwa hivyo kanuni ni hii: tafuta kundi kwanza, halafu ndio ulihamishe.

Kundi hupimwa kwa pembe, kwa kipimo wenye kazi wanaita MOA. Hiyo ni sehemu 1 kati ya 60 ya digrii moja. Kwa mita 100 ni karibu sentimita 2.9, kwa mita 200 ni 5.8, kwa mita 300 ni 8.7. Ukienda mbali, kosa lako linakua na safari. Kupima ni rahisi: chukua rula, pima kutoka ukingo wa nje wa tundu moja hadi ukingo wa nje wa lile lililo mbali zaidi, halafu utoe upana wa risasi moja. Kwa risasi ya .308, upana huo ni karibu milimita 8. Ukisoma milimita 37, kundi lako ni 29. Hiyo ni MOA moja kwa mita 100.

Hatua 7 za kupima bunduki mpya

1. Kagua ikiwa tupu. Toa bolti kabisa, hakikisha hakuna risasi mahali popote. Bunduki mpya huja na mafuta ndani ya mtutu, na hayo mafuta yanaweza kupeleka risasi za kwanza kombo, kwa hivyo pitisha kitambaa kikavu. Kaza skurubu zote za kitako na za darubini kwa nguvu ile kiwanda kimeandika. Bunduki nyingi "mbovu" ni skurubu tu imelegea.

2. Chungulia kupitia mtutu. Huu ni utamu wa bolti. Ikiwa imetolewa, unaweza kuangalia ndani ya mtutu kutoka nyuma kama bomba. Laza bunduki imara, uone shabaha iliyo mita 25 katikati ya tundu la mtutu. Halafu bila kuisogeza, zungusha vifundo vya darubini mpaka alama yake iangalie shabaha hiyo hiyo. Sasa hao wawili wamesalimiana, na haujatumia risasi hata moja.

3. Tengeneza kiti na mifuko ya mchanga. Unapima bunduki, haupimi misuli yako. Weka mfuko mmoja chini ya mbao ya mbele, mwingine chini ya kitako. Usiwahi kulaza mtutu wenyewe juu ya mfuko, juu unaubadilishia mtetemo na risasi zitahama. Vaa kinga ya masikio na ya macho. Ukipiga ukiwa unaogopa mlio, bega litaruka kabla ya risasi kutoka, halafu utalaumu kiwanda.

4. Anza karibu, mita 25. Risasi moja ama mbili zinatosha. Hapa unataka tu kujua iko kwa karatasi. Darubini nyingi za kuwinda husogeza robo ya MOA kwa kliki moja. Kwa mita 100 hiyo ni karibu milimita 7, lakini kwa mita 25 ni chini ya milimita 2. Ukiwa sentimita 7 kushoto kwa mita 25, unahitaji kliki karibu 40 kwenda kulia. Kwa mita 100, kosa hilo hilo la sentimita 7 ni kliki 10 tu. Wengi husahau hii hesabu, wanamaliza pakiti ya risasi wakikimbizana na karatasi.

5. Sogea mita 100 na upige makundi. Lenga mahali pamoja, pumua, vuta triga taratibu. Usiguse vifundo katikati ya kundi hata kama unaona risasi zinaenda kando. Mtutu wa bunduki ya kuwinda ni mwembamba na unachemka haraka, na ukichemka risasi zinaanza kutembea. Piga tatu, acha upoe, endelea. Jaribu aina mbili ama tatu za risasi pia. Bunduki moja inaweza kupenda risasi ya kampuni hii na kukataa ya ile, na hakuna mtu atakuambia mapema ni gani.

6. Hamisha kundi, halafu jaribu darubini. Sasa hesabu kliki, leta katikati ya kundi lako pale unapotaka. Ukimaliza, fanya mtihani wa sanduku: piga risasi, zungusha kliki 20 kulia, piga, 20 chini, piga, 20 kushoto, piga, 20 juu, piga ya mwisho. Ya mwisho inafaa kuingia pale pa kwanza. Isiporudi nyumbani, shida ni darubini, na utakuwa umejiokoa na miezi ya kulaumu bunduki.

7. Rudi siku nyingine, mtutu ukiwa baridi. Porini hakuna mtu anakupatia risasi tano za kupasha moto. Unayo ya kwanza, ya mtutu baridi. Kwa hivyo piga moja tu, andika imeingia wapi, rudi siku ingine upige moja tena. Baada ya siku kadhaa, hayo matundu ndiyo ukweli wa bunduki yako.

Mtego wa risasi tatu

Sasa tuje kwa ile kitu matangazo hayakuelezi. Kampuni kadhaa huahidi usahihi wa risasi tatu. Weatherby ya Marekani, kwa mfano, imejulikana kwa ahadi ya kundi la risasi tatu lisilofika inchi moja kwa yadi 100, ukitumia risasi nzuri na mtutu baridi. Ahadi iko sawa. Shida ni vile wanunuzi wanaisoma.

Fikiria mechi ya mtaa. Ukiangalia dakika tatu za kwanza, unaweza kusema timu haina makosa. Ngoja dakika 90 ndio utaona beki mbovu. Risasi ni hivyo. Kila unapoongeza moja, unaipatia nafasi ya kutoka nje ya kundi. Hesabu za uwezekano zinaonyesha kwamba bunduki ile ile, bila kubadilika chochote, itatoa kundi la risasi 10 ambalo kwa wastani ni kubwa karibu mara 1.6 kuliko kundi lake la risasi tatu. Yaani bunduki ya "inchi moja" kwa risasi tatu ni ya inchi moja na nusu na zaidi kwa risasi 10. Bunduki haijaharibika. Umeijua vizuri zaidi, ndiyo hiyo tu.

Na kuna ujanja ingine: msee anapiga makundi matano ya risasi tatu, anatupa manne, anakuonyesha lile bora. Wewe uliza moja tu: ziko wapi zile zingine?

Nairobi si Mombasa

Ukishapima, usidhani kazi imeisha milele. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, risasi inapata upinzani kidogo. Shuka Pwani, hewa inakuwa nzito na risasi inashuka zaidi kidogo. Kwa mita 100 hautaona tofauti, lakini kwa mita 300 itaanza kujionyesha. Kitako cha mbao nacho kinakunywa unyevu, kinavimba, kinaanza kugusa mtutu, na kundi linahama. Bunduki iliyosafiri kwa barabara mbovu ikigongwa darubini pia inahama. Ndio maana kwenye kambi za uwindaji, mgeni hupelekwa kwanza kupiga karatasi kabla hajaonyeshwa mnyama. Hakuna dharau hapo, ni utaratibu.

Umbali wako ni upi?

Kundi la mezani ni la bunduki. Kundi lako wewe ni lingine. Ondoa mifuko ya mchanga, simama, tumia fimbo za kuegemea, na utaona matundu yakifunguka kama mbogi ikiskia karao.

Mtihani wa mwisho ni huu. Chukua sahani ya karatasi ya upana wa sentimita 15, karibu ukubwa wa mahali pa moyo na mapafu ya swala pala. Piga risasi 10 kwa mita 50, ukiwa umesimama vile ungesimama porini. Zote 10 zimeingia? Rudi nyuma mpaka mita 75, kisha 100. Pale ya kwanza inapokosa sahani, umepita mpaka wako. Haijalishi darubini yako ni ya bei gani.

W. D. M. Bell, aliyewinda tembo Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20 na kuua zaidi ya 1,000 kwa ajili ya pembe, alifanya sehemu kubwa ya kazi hiyo na bunduki ndogo ya bolti ya .275. Siri yake haikuwa nguvu. Alikuwa amepasua mafuvu ya tembo kujua ubongo umekaa wapi, na alijua risasi yake inaenda wapi. Biashara yenyewe leo tunaiona ni balaa kwa tembo, na huwezi tena kumfuata tembo na bunduki ndogo hivyo. Tanzania inataka angalau.375 kwa wanyama hatari. Lakini somo la kujua risasi yako inaenda wapi halijazeeka.

Ukikosa kidogo, mnyama hafi. Anakimbia na risasi tumboni, anakufa baada ya siku mbili mahali hakuna mtu anamwona. Ama ni nyati, anaingia kichakani na kukungoja. Desturi ya wawindaji ni kwamba ukijeruhi, lazima ufuate. Na anayeingia mbele kwa hicho kichaka mara nyingi si yule aliyelipa pesa. Ni mfuata nyayo, kijana wa kijiji cha karibu, ambaye hakuvuta triga na hakuulizwa kama bunduki ilipimwa.

Kwa ufupi

- Silaha hupimwa kwa uwanja ulioruhusiwa, ukiwa na cheti. Kenya kuwinda ni marufuku tangu 1977.
- Tafuta kundi kwanza, hamisha darubini baadaye.
- MOA moja ni karibu sentimita 2.9 kwa mita 100.
- Risasi tatu ni salamu. Risasi 10 ni mazungumzo.
- Risasi ya mtutu baridi ndiyo ya maana porini.
- Skurubu, darubini na aina ya risasi: angalia hizo kabla ya kulaumu mtutu.
- Umbali wako ni pale ambapo risasi 10 kati ya 10 zinaingia kwa sahani. Tisa haitoshi, juu ile ya 10 nayo lazima itue mahali.